Jina "Ardhi Inayotengenezwa" katika Sheria za Gofu

Sheria za gofu za R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, zilizoandikwa upya mwaka 2019, zaeleza katika Kanuni ya 16 hali ya mpira uangukapo penye kazi ya watunza kiwanja. Mfasiri aandikaye "ardhi inayotengenezwa" apotosha, kwa kuwa -na- yadai kazi iendelee, na sheria haiulizi hilo. Yauliza nia. Rundo la nyasi zilizokatwa, likiwekwa na watunzaji ili liondolewe baadaye, kwa kawaida humruhusu mchezaji kuhamisha mpira bila adhabu. Rundo lilo hilo likikusudiwa kuachwa lioze, halimruhusu, ila kamati iwe imelitaja. Mchezaji ataisomaje nia hiyo katika nyasi? Ajabu zaidi ni vitundu vitobolewavyo ili udongo upate hewa: ni kazi ya watunzaji hao hao, walakini vimetengwa waziwazi, na nafuu yake yangoja kanuni ya mahali. Napendelea "mahali pa matengenezo", kwani -a unganifu haitaji wakati. Kasoro ya rundo yabaki, nayo ni ya watunga sheria, si ya mfasiri.