Kusadikika: Mahakama Inayoisubiri Kamera

Ukiuliza ni riwaya gani za kiajabu zinazostahili kuigizwa, wengi watakutajia vitabu vya ng'ambo vyenye majoka na vyombo vya angani. Mimi natetea kitabu chembamba cha Kiswahili kilichotoka mwaka 1951: Kusadikika, cha Shaaban Robert. Nchi yake imo angani. Hata hivyo, ukichunguza kilivyosukwa, utaona kwamba anga ni pambo tu. Nguzo inayobeba paa ni mahakama.

Tazama kisa kinavyofunguka. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anapewa siku sita za kujitetea mbele ya mfalme. Kwa hatua hiyo moja, Shaaban Robert ametatua jambo linalowatoa jasho waandishi wa miswada ya filamu: tayari kuna mtu aliye hatarini, hasimu anayeonekana kwa macho, na muda unaoyoyoma.

Kisha linakuja fundo la kazi yote. Kila siku Karama anasimulia habari za mjumbe mmoja kati ya sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walitumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja akalipwa kifungo. Msomaji wa Alfu Lela U Lela ataitambua mbinu hii ya hadithi ndani ya hadithi, ila kuna tofauti kubwa. Shahrazadi, msimulizi wa hadithi hizo, husimulia ili kifo chake kiahirishwe. Karama anasimulia ili kuthibitisha, na kila safari ni ushahidi unaowekwa mezani. Ndiyo maana maajabu yake hayaelei ovyo: yana kazi kesini.

Kwa mtayarishaji, muundo huo ni tamthilia ya televisheni yenye sehemu sita, na hauhitaji hazina ya mfalme. Sehemu kubwa ya kisa inachukuliwa katika ukumbi mmoja. Fedha za mandhari za kompyuta zitunzwe kwa safari zenyewe, ziwe fupi na za kukumbukwa. Nchi ya angani inaweza kuonyeshwa kwa dirisha la mahakama tu: mawingu yakipita chini ya kizingiti, pepo za kaskazi na kusi zikitikisa mapazia wakati Karama anazungumza.

Ugumu upo, na tusiufiche. Hotuba ni ndefu, na mjumbe kutumwa, kurudi na kufungwa mara sita kunaweza kumchosha mtazamaji. Dawa yake ni kuigeuza kamera iwatazame wasikilizaji. Siku ya kwanza wamwangalie Karama kwa shaka. Siku ya tatu mmoja ainamishe kichwa. Siku ya sita Majivuno akose wa kumtazama usoni. Majivuno naye asichezwe kama zimwi. Jina lake limekwisha kumhukumu, basi mwigizaji amfanye mtu anayeamini kwa dhati kwamba anailinda nchi. Hapo ndipo atakapotisha.

Kitabu hiki kiliandikwa Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na mwandishi wake alikuwa mtumishi wa serikali yao. Aliipandisha nchi angani ili aweze kusema hadharani kuhusu haki ya mtu kuijua sheria inayomhukumu. Ajabu ilikuwa ngao yake. Atakayeiondoa mahakama abakishe mawingu atakuwa ametupa kiini na kuokota ganda.

Mwishoni Karama anashinda kesi. Anashinda kwa maneno, bila upanga. Watayarishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, someni kitabu hiki upya kwa jicho la kamera. Kazi ngumu ya kupanga kisa ilikwisha kufanywa mwaka 1951.