Anzaldúa hatafsiri, na ni sawa

Borderlands/La Frontera ya Gloria Anzaldúa, Mchicana wa Texas, ilitoka 1987. Anachanganya Kihispania na Kiingereza, insha na shairi, na mara nyingi hatafsiri. Ukikwama, shauri yako. Nampendea hilo: shuleni alichapwa vidole kwa rula sababu ya kuongea Kihispania, na sisi tuliovalishwa diski kwa kuongea lugha ya mama tunaijua hiyo aibu.

Lakini kuna mahali ananikwaza. Anamchukua Coatlicue, mungu wa kike wa Waazteki, kama urithi wake na kumfinyanga apendavyo. Wanahua wenyewe wako hai, Kinahuatl kinaongewa Meksiko hadi leo, ila kitabuni nawaona zaidi kama watu wa kale. Aliyenyimwa ulimi angewasikia kwanza. Kisome, halafu ubishane nacho.