Safari Isiyo na Marejeo

Shaaban Robert alipoitoa Kusadikika mwaka 1951, aliiweka nchi yake angani. Darasani kitabu hicho hufundishwa kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni. Maelezo hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Ni kitabu cha wajumbe pia, na hapo chaweza kutusaidia kulipima jambo la siku zetu.

Mwaka 2012 Mholanzi mmoja, Bas Lansdorp, alitangaza mradi wa Mars One: watu wapelekwe katika sayari ya Mirihi, wanne wanne, wakakae huko moja kwa moja wala wasirudi. Kampuni ilidai kwamba watu zaidi ya 200,000 walijitokeza. Dai hilo lilitiliwa shaka, lakini Februari 2015 waliteuliwa watu 100. Januari 2019 kampuni ikafilisika, na hakuna aliyeondoka.

Wengi waliwacheka wale waliojitolea, wakawaita wapenda sifa au watu waliochoka kuishi. Sikubaliani nao. Aliyechoka kuishi hakubali kufunzwa miaka mingi namna ya kuotesha mboga mahali pasipo hewa. Sifa ipo, lakini naona kuna hamu kubwa zaidi: kuwa mahali ambapo kila mkono unahitajika. Katika kundi la watu wanne, mmoja asipoonekana asubuhi, wenzake wote watamtafuta.

Huku Upare twaifahamu hamu hiyo. Tambarare za Same ni kavu, na mvua peke yake haitoshi kulisha shamba. Wazee walishusha maji kwa mifereji kutoka milimani, wakayakusanya katika ndiva, na ndiva husafishwa kwa msaragambo. Asiyefika kwenye msaragambo huulizwa alikuwa wapi. Kuulizwa huko kuna uzito wake, maana asiye na kazi hapo haulizwi. Kijana aliyemaliza shule akakaa mwaka mzima bila mtu kumwuliza lolote, hupanda basi la Dar es Salaam. Aliyeomba kwenda Mirihi ni ndugu yake; tofauti yao ni umbali tu.

Turudi Kusadikika. Wajumbe sita walitumwa pande zote, hata Ridhaa mbinguni na Amini ardhini. Walirudi na mambo ya manufaa, wakatiwa gerezani, mpaka Karama aliposimama kuwatetea. Udhaifu wa kitabu, kwa maoni yangu, ni kwamba wajumbe hao wanafanana mno. Ni mifano ya wema kuliko watu. Hatuoni vya kutosha kilichomo moyoni mwa mtu anayeirudia nchi isiyomsikiliza. Hata hivyo mwandishi ameshika jambo moja ambalo wenye mradi wa Mirihi walilisahau: thamani ya safari ni habari unazowaletea waliokutuma. Kampuni ilikusudia kuwaonyesha wasafiri wake kwenye televisheni. Lakini kuonekana si kuulizwa, na mtazamaji hana deni kwa anayemtazama.

Shaaban Robert hakuwalaumu wajumbe. Aliwalaumu waliowafunga, nami lawama naiweka hapo hapo. Kijiji kisichomwuliza kijana wake habari kisishangae akiomba nafasi katika chombo kisichorudi.