Neno moja kwenye jiwe la Marib

Aya ya 16 ya Sura Sabaa inasimulia mafuriko yaliyoharibu bustani za watu wa Sabaa, Yemen. Mafuriko gani? Aya inayaita ya "arim", na hapo ndipo wafasiri wa zamani walipogawanyika. Wapo waliosema ni jina la bonde. Wengine, mvua kubwa. Wengine, panya aliyetoboa ukuta wa bwawa. Na wapo waliosema ni bwawa lenyewe.

Mwaka 1888 Eduard Glaser, mtafiti kutoka Austria, aliingia Marib, mji mkuu wa kale wa Sabaa, akijifanya mwanachuoni wa Kiislamu. Huko alinakili maandishi ya Abraha, mtawala Mkristo wa Yemen: mistari 136 iliyochongwa kwenye nguzo ya jiwe, ikieleza jinsi alivyolikarabati bwawa la Marib.

Hati yake ni musnad, mwandiko wa kale wa Yemen. Haina irabu, na kila neno hutengwa na jirani yake kwa kijiti kilichosimama wima. Panapotajwa uharibifu, kinatangulia kitenzi cha kuvunjika, kisha herufi nne: ayn, ra, mim, nun. Nun ya mwisho si sehemu ya neno. Kisabaa, lugha ya maandishi hayo, kiliweka mwishoni kile ambacho Kiarabu hukiweka mwanzoni kwa "al". Iondoe, zinabaki ayn, ra, mim: herufi zilezile za aya. Muktadha unamaliza kazi, maana kitu hicho kilivunjika kikajengwa upya. Mvua haijengwi upya, wala panya.

Tarehe nayo imo. Ni mwaka 658 wa kalenda ya Himyari. Toa 110, unapata 548 ya Masihi, miongo miwili hivi kabla ya kuzaliwa Mtume. Neno lilikuwa hai, tena palepale bwawani.

Ila jiwe lisisemeshwe lisichosema. Bwawa lile lilibomoka mara nyingi, na hakuna mstari unaotuambia aya inakusudia mara ipi. Hamu hiyohiyo ya kulisemesha jiwe huwapeleka watu Murayghan, Saudi Arabia, kwenye maandishi ya Abraha ya mwaka 552, kutafuta kisa cha Sura al-Fil, cha jeshi la tembo dhidi ya Makka. Mle mna vita dhidi ya makabila ya Maadd. Makka haimo, tembo hayumo.

Maana ya neno, lakini, imethibiti. Anayeitarjumu aya hiyo kwa Kiswahili leo na aandike mafuriko ya bwawa, panya ampumzishe.