Mapambo na Hoja: Mbinu za Ushawishi katika Mtihani wa Kiingereza

Mwanafunzi wa Uingereza afanyapo mtihani wa GCSE wa lugha ya Kiingereza, akiwa na umri wa miaka 16 hivi, hutakiwa kuandika ili kumshawishi msomaji. Katika karatasi ya pili ya bodi ya AQA, iliyotahiniwa kwa mtindo huu tangu mwaka 2017, swali la tano lina alama 40 kati ya 80: 24 kwa maudhui na mpangilio, 16 kwa usahihi wa lugha. Mtahiniwa hupewa kauli yenye ubishi, tuseme kuhusu faida ya kazi za nyumbani, naye hueleza msimamo wake kwa barua, hotuba au makala ya gazeti. Muda wake ni kama dakika 45.

Ili kumsaidia, walimu wengi humfundisha neno la kukumbukia: AFOREST. Kila herufi husimama badala ya mbinu moja: takriri ya konsonanti, mambo ya hakika, maoni, swali la balagha, lugha ya kugusa hisia, takwimu, na mambo matatu yatajwayo kwa mfululizo. Swali letu ni hili: je, aliyezitumia mbinu zote saba amekwisha kushawishi?

Tuwatendee haki walimu hao. Mtoto mwenye hofu mbele ya karatasi tupu huhitaji pa kuanzia, na orodha fupi humpa. Tena mbinu zenyewe ni za kweli. Wasemaji hodari wa kila lugha huzitumia. Kasoro huanza pale orodha inapogeuka kuwa kipimo, mwanafunzi akawa anaweka alama kando ya kila herufi aliyoitimiza.

Natutunge mfano wa matokeo yake: «Je, tutanyamaza hadi lini? Asilimia 87 ya wanafunzi wanasema kwamba kazi za nyumbani zinawachosha, zinawahuzunisha na kuwaangamiza.» Mbinu nne zimo katika sentensi mbili. Lakini takwimu ile imetoka wapi? Katika chumba cha mtihani hamna maktaba, na msahihishaji hupima uandishi. Hana kazi ya kuhakiki ukweli wa asilimia. Hivyo mwanafunzi huzoea kubuni namba na kuiita ushahidi, na hakuna amkemeaye. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko uandishi mbaya: kijana afunzwa kwamba namba ni pambo, kama takriri.

Sasa tulinganishe na sentensi hii: «Mwanafunzi anayelala chumba kimoja na wadogo zake watatu hana meza wala utulivu, kwa hiyo kazi ya nyumbani haiipimi akili yake, yaipima nyumba yake.» Haina takwimu wala swali la balagha. Hata hivyo inabeba sababu, na sababu hiyo yaongoza kwenye hitimisho. Anayetaka kuipinga hana budi kufikiri.

Malalamiko haya si mapya. Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo, alianza kitabu chake cha balagha kwa kuwalaumu watunzi wa miongozo waliomtangulia. Aliona kwamba walishughulikia kuamsha hasira na huruma, mambo yaliyo nje ya shauri lenyewe, wakauacha uthibitisho ulio kiini cha ushawishi. Yeye hakuzikataa hisia. Aliziweka pamoja na tabia ya msemaji na mantiki ya hoja. Katika AFOREST hamna herufi ya sababu, wala ya kumjibu mpinzani.

Na sisi tusijione tumesalimika. Insha nyingi za Kiswahili shuleni hufunguliwa kwa «Wahenga walisema», kisha methali ikaachwa ifanye kazi ya hoja. Lakini wahenga walisema «Haraka haraka haina baraka», wakasema pia «Ngoja ngoja huumiza matumbo». Methali mbili zikipingana, hakuna iwezayo kuthibitisha neno peke yake. Ni juu ya mwandishi kuonyesha ni ipi ilingane na jambo analolijadili, na kwa nini. Methali bila kazi hiyo ni ndugu ya ile asilimia 87.

Tunapendekeza, basi, utaratibu ugeuzwe. Mwanafunzi aandike kwanza msimamo wake kwa sentensi moja. Aongeze sababu mbili anazoweza kuzitetea. Ataje pingamizi lenye nguvu kuliko yote na kulijibu. Namba asiyoijua asiitaje. Baada ya hayo ndipo achague pambo. Mwalimu naye, asahihishapo, afute mapambo yote kwa penseli na kusoma kilichobaki. Kikisimama, mwanafunzi amejifunza kushawishi.