Mshairi na Mshonaji katika Picha ya Sinema "Bright Star"

Katika mwaka 1878 zilichapishwa kwa mara ya kwanza barua ambazo mshairi wa Kiingereza John Keats alimwandikia mchumba wake, Fanny Brawne. Barua za Fanny kwake hazikusalia. Zile za mwisho, ambazo mgonjwa hakuwa na moyo wa kuzifungua, zilizikwa pamoja naye Roma katika mwaka 1821. Basi wasomaji walisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na wengi wakamhukumu yule asiyesikika. Walisema alikuwa msichana mwepesi, mpenda nguo, asiyemstahili mshairi. Hukumu hiyo ilianza kulegea katika mwaka 1936, zilipotolewa barua alizomwandikia dada yake Keats.

Jane Campion, mwongozaji wa New Zealand, aliitengeneza picha hii mwaka 2009, na aliifuata kesi hiyo kwa njia ya werevu. Hakumtetea Fanny kwa maneno. Alichukua lile lile aliloshutumiwa kwalo, yaani mapenzi ya nguo, akalifanya kuwa ushahidi wake. Picha yaanza kwa sindano kupenya kitambaa, ikionekana kubwa kuliko kawaida, kabla mshairi hajatokea. Tom, ndugu yake Keats, anapofariki, Fanny akesha akitarizi foronya ya kulazia kichwa cha maiti. Hapo mtazamaji afahamu kuwa mbele yake wako mafundi wawili, na kwamba mmoja wao kazi yake haina mhakiki. Abbie Cornish aicheza sehemu hiyo kwa ukavu unaofaa, bila kuomba huruma.

Mapenzi yenyewe yaelezwa kwa kiasi. Keats hakuwa na fedha za kuoa, na kifua kikuu kilikwisha muua mdogo wake. Wapenzi walala pande mbili za ukuta mmoja katika nyumba ya Hampstead, kila mmoja akiugusa ukuta kwa mkono. Tukio hilo lapita kumbatio lolote. Vipepeo waliojazwa chumbani kisha wakafa si wazo jipya sana, lakini huvumilika kwa kuwa picha haikawii hapo.

Kasoro ni kwa Charles Brown. Huyu alimpa Keats makazi, akamkopesha fedha na kunakili mashairi yake. Katika picha afanywa mtu wa kelele na wivu, na mwisho aungama kuwa alimwangusha rafiki yake. Kumwinua Fanny hakukudai kumshusha Brown kiasi hicho. Yaonekana hukumu iliyoondolewa kichwani pa mmoja imewekwa juu ya mwingine.

Lakini lililo gumu zaidi ni shairi lenyewe. Sinema huonyesha, shairi la Keats hutaka sikio, na mara nyingi hapa husomwa kwa mnong'ono na kukatwa kabla halijakamilika. Wajuao shairi likighaniwa tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho wataudhika, na wana haki. Hata hivyo, majina ya wachezaji yanapopanda mwishoni, sauti ya Ben Whishaw yaghani utenzi mrefu wa Keats juu ya ndege aimbaye usiku, pasipo sura ya kutazama, ila muziki chini yake. Wengi huwa wamekwisha simama kutoka.