Shukrani kwa Walimu wa Singida

Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alioutoa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washirikishwe katika kuamua mambo ya shamba la shule yao, wala wasiwe vibarua wa kuamrishwa. Na ingawa aghalabu shule zetu zilishika jembe zikayaacha mashauri, hapana budi kuwashukuru walimu walioyashika yote mawili. Mkoani Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja na haina ahadi, mwalimu anayewauliza watoto, mawingu ya Novemba yakianza kutanda, kama wapande mahindi wayapendayo, au mtama na uwele vistahimilivyo ukame, au alizeti iletayo fedha, kisha akanyamaza hata wahojiane, wapige kura na kuandika daftarini sababu za uamuzi wao, amewakabidhi amana ambayo kiboko hakiwezi kuitoa. Kunyamaza huko ndiko kazi nzito, maana jibu analijua! Na mahindi yakinyauka Februari, hawasimangi. Huwafungulia daftari, wasome walichokidhani na walichokisahau. Laiti wakaguzi wangeliomba daftari hilo kwanza, ndipo waulize idadi ya magunia.